Aliyekuwa Nayo Kabla Yetu

Wanaume wenye boti kuukuu wana desturi moja ambayo hata mvua ya mawe haiwezi kuwaachisha. Kitu chochote kikiharibika, mwenye makosa ni yule aliyekuwa na boti kabla yao. Waya ukiungua, ni yeye. Tangi likivuja, ni yeye. Skrubu ikikutwa imefungwa kombo, mtu huyo hutukanwa hata na wapita njia ambao hawakupata kumwona kwa macho. Nyani haoni kundule, na katika ule uwanja wa boti wa mdomoni mwa mto, kule Bundaberg, manyani walikuwa tele, kila mmoja juu ya ngazi yake.

Merv Tranter alikuwa anamtukana mtu huyo tangu Jumatatu asubuhi. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya injini ya Estelle, kichwa shimoni, miguu imejaa jikoni, na mkewe Coral alikuwa akiosha vikombe huku soli za viatu vya mumewe zikimgusa kiunoni. Estelle ilikuwa boti ya matanga ya mita kumi, iliyoundwa mwaka sabini na nne, na wakati huo ilikuwa nchi kavu, imeegemezwa kwa miguu ya chuma. Bushi ya mpira inayoshikilia shafti ya propela ilikuwa imelika. Kubadilisha bushi si kazi ya kumtoa mtu jasho, ila sharti shafti itoke kwanza, na shafti ilikuwa imegoma. Ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya flanji, kile kipande kizito cha chuma kinachoiunganisha na giaboksi, na haikusogea hata unene wa ukucha.

"Kuna pini," Coral alisema.

"Hakuna pini."

"Uliweka pini, Merv. Mimi ndiye niliyeshika tochi."

"Mama, boti hii naijua kama ninavyokujua wewe. Nipe nyundo kubwa."

Akampa nyundo kubwa. Miaka thelathini na nane ya ndoa ilikuwa imemfundisha Coral kwamba mwanamume huyu akishasema hakuna, hata ukimletea kitu chenyewe kwenye sahani atakwambia hicho ni kijiko. Ubishi wake alikuwa amekwisha kuuzoea, kama mtu anavyozoea mlango unaokwama. Akakausha vikombe, akasikiliza chuma kikipigwa, na kila pigo lilipoishia bure alijisemea moyoni, piga tu, bwana mkubwa, piga.

Lakini siku zilikuwa zinahesabika. Mashine ya kushushia boti majini ilikuwa yao Ijumaa saa nne asubuhi, maji yakijaa. Baada ya hapo nafasi zote zilikuwa zimechukuliwa mpaka katikati ya Novemba, na mlangoni mwa choo kulikuwa na tangazo kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi huo, vimbunga vikianza, hakuna ruhusa ya mtu kulala ndani ya boti iliyo nchi kavu. Nao hawakuwa na nyumba nyingine. Nyumba yao waliiuza zamani, wakaingia humu na sufuria zao. Estelle isiposhuka Ijumaa, watakwenda kukaa Toowoomba, mbali na maji, kwa Neville, kaka yake Merv, katika chumba cha nyuma chenye friza, chini ya serikali ya mke wa Neville aitwaye Beryl.

Coral aliwahi kukaa chumba kile wiki tatu, Merv alipopasuliwa goti. Beryl alikuwa mwanamke wa karatasi. Aliandika na kubandika kila mahali: MAZIWA YA NEVILLE. TAULO ZA WAGENI. FRIZA IFUNGWE VIZURI. Coral aliisimulia habari hiyo katika kila bandari waliyotia nanga, akiiga ile sauti ya puani, na watu walivunjika mbavu. "Mtu gani huyo anaiandikia nyumba yake mwenyewe?" alikuwa akisema. "Anaogopa maziwa yatapotea njia?" Na sasa Beryl alikuwa amepiga simu kusema chumba kiko tayari, na majina yao ameshayaandika juu ya ndoano za taulo.

*

Kufikia Jumanne jioni habari za shafti zilikuwa zimeenea uwanja mzima, na washauri wakaja. Pale uwanjani saa kumi na moja ikifika mtu hufungua kopo la bia na kutafuta tatizo la mwenzake la kusimama karibu nalo. La kwake hulala. Mmoja alisema flanji ichomwe moto na shafti iwekewe barafu. Wa pili akasema upuuzi, inyweshwe dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi, iachwe siku tatu. Wa tatu aliapa kwa soda nyeusi, ile ile ya kunywa. Nahodha wengi chombo huenda mrama, lakini hiki hata majini kilikuwa bado hakijafika.

Aliyezidi wote alikuwa Lindsay, jirani wa upande wa kulia. Alikuwa daktari wa meno kabla ya kustaafu, na alikuwa na katamarani nyeupe, boti ya matumbo mawili, yenye friji tatu na sanduku la zana ambazo hazijawahi kushika grisi. Alivaa soksi nyeupe uwanja ule wa vumbi na majivu ya mashamba ya miwa yanayochomwa, na soksi zilibaki nyeupe, jambo lililotosha kumweleza mtu ni kazi kiasi gani aliyokuwa akifanya. Coral aliposhuka ngazi na sinia la chai, akasema tena kwamba flanji ina pini, Lindsay alimtazama kwa upole ule ambao bila shaka aliwatazamia wagonjwa kabla ya kuwang'oa meno.

"Coral, flanji za aina hii hazina pini. Nimesoma."

"Wewe umesoma. Mimi nilikuwepo."

"Mwacheni," Merv alisema, akichukua kikombe. "Anachanganya na boti nyingine."

Coral katika maisha yake hakuwahi kuishi katika boti nyingine. Kisha akamsikia mumewe akimwambia Lindsay, kwa sauti ya mtu anayezungumza mambo ya kawaida, kwamba Estelle wameinunua juzi juzi tu, miaka minne au mitano, na aliyekuwa nayo kabla yao alikuwa mchinjaji wa chuma. Walikuwa nayo miaka ishirini na mitatu! Alimtazama Merv akinywa chai yake bila wasiwasi, akamdharau kwa moyo wote. Basi aibu ya kuonekana ameitelekeza shafti miaka yote hiyo imemfanya awe mwongo mbele ya mng'oa meno.

Maana pini ilikuwepo. Mwaka ule wa pili tangu waanze kuishi ndani, wakiwa wamejificha upepo nyuma ya kisiwa kitupu, shafti ilichomoka kwenye flanji, ikarudi nyuma, na maji yakaanza kuingia. Coral alibana mahali pale kwa taulo na magoti yake. Merv, wakati huo mikono yake haitetemeki wala haipapasi, aliirudisha shafti, akatoboa flanji mpaka upande wa pili kwa keekee ya mkono, akapigilia pini nene kama kidole kidogo. Ilimchukua saa tano. Kisha akaziba juu kwa puti, akapaka rangi nyeupe, akamwambia mkewe kwamba hii itadumu kuliko wao wawili. Coral alimbusu kwenye shingo yenye grisi. Mambo hayo mtu hachanganyi.

*

Jumatano walimwita fundi wa kulipwa. Aliitwa Vaughan, mtu wa maneno machache, na Coral akapata matumaini. Hakugusa nyundo. Alifungua bolti za flanji, akaweka soketi, kipande kifupi cha chuma, katikati ya giaboksi na ncha ya shafti, akaweka bolti ndefu na kuzikaza moja baada ya nyingine kwa zamu, ili shafti isukumwe kidogo kidogo kutoka mahali pake. Ndiyo njia yenyewe, na shafti yoyote yenye adabu ingetoka. Bolti ya kwanza ikakatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika.

"Hii ikatwe," Vaughan alisema, akifuta mikono. "Shafti mpya itachongwa Brisbane. Wiki tatu, wakiamua kufanya haraka."

Coral alimwambia habari ya pini. Fundi alimtazama Merv, kama watu wanavyomtazama mwenye mbwa kabla ya kumgusa mbwa, na Merv akatikisa kichwa. Ikawa basi. Vaughan akachukua malipo ya saa mbili kwa kazi ya dakika arobaini, akaondoka.

Coral akaenda ofisini kuomba. Narelle wa ofisini alikuwa akila mkate huku akizungumza kwenye simu, akamwacha asimame kando ya meza mpaka simu na mkate vyote viwili viishe. Kisha akamweleza kwamba kuna bwana mmoja wa Gladstone anaitaka nafasi hiyo hiyo ya Ijumaa, na yeye hawezi kuishikilia kwa boti isiyo na shafti.

"Merv anasemaje?"

"Nasema mimi. Jina langu limo kwenye karatasi hiyo, mstari wa pili."

"Naelewa, mama. Ila aje Merv mwenyewe aniambie. Kesho saa tisa mchana, isizidi."

Akarudi akipita katikati ya maboti ya watu. Alipopanda ngazi alikuta Merv amekaa nje kwenye kiti, anatazama mlingoti wa jirani, na ndani gesi inavuma, birika liko juu ya jiko na hakuna moto. Akafunga gesi, akafungua madirisha yote, akamwuliza kama anataka kuwachoma wapate kumsingizia aliyekuwa na boti kabla yao. Merv alisema alikuwa anasubiri chai. Kisha akauliza wanashuka majini lini. Alikuwa amekwisha kuuliza asubuhi, na jana yake mara mbili.

"Ijumaa," Coral alisema. "I-ju-ma-a. Nikuandikie kwenye paji la uso?"

*

Alhamisi saa saba Lindsay alipanda ngazi na grenda mpya ya kukatia chuma, ndani ya boksi lake. Aliitoa kwa fahari, akaichomoa plastiki, akasoma maelezo kwa sauti. Merv alikuwa ameshaweka alama ya chaki mahali pa kukata. Washauri wawili walikuwa chini, kazi yao ikiwa kuipokea shafti ikidondoka.

Coral alikuwa amefunga sanduku moja la nguo usiku wa jana. Alilitazama sanduku, akaitazama alama ya chaki, akaona akilini ndoano ya taulo yenye jina lake. Akaweka kitambaa cha vyombo chini, akamwambia mumewe atoke kwenye shimo la injini.

"Kuna nini tena, mama?"

"Toka. Umekaa humo siku nne. Nipe mimi dakika kumi, kisha mkate mpaka mlingoti mkitaka."

Lindsay alicheka kidogo. Coral alikuwa na miaka sitini na mitatu na kiuno kinachomsumbua, na kuingia kwake mle shimoni hakukuwa jambo la kupendeza kutazama. Alijua hivyo, na alijua wanamtazama. Akajibanza ubavuni mwa injini, akachukua kile kisu butu alichokuwa akimenyea viazi, akaanza kukwangua. Rangi ilitoka, chini yake kutu, chini yake rangi nyingine. Akazungusha flanji kwa mkono, akakwangua tena. Jasho lilimwingia machoni. Alipofika mahali ambapo kisu kilizama kidogo, akaona weupe wa puti, akaichokonoa kama mtu anayesafisha jino, na katikati ya chuma cheusi kikatokea kiduara cha chuma king'aavu, kinene kama kidole kidogo.

Alinyoosha mkono juu, akaomba nyundo na patasi ya duara, akapewa. Akageuza flanji upande wa pili, pale pini ilipokuwa nyembamba, akapiga mara tatu. Ya nne pini ikaruka, ikaanguka kwenye maji machafu ya chini ya injini. Merv alipogonga shafti kwa gongo la mti tu, ikateleza nyuma, ikapita ubavuni mwa usukani uliogeuzwa, na kule chini wale wawili wakapiga kelele maana hawakuwa wamejiandaa.

Wanaume wakacheka kwa furaha, wakapeana mikono, wakapongezana. Lindsay alirudisha grenda ndani ya boksi. Pini ikaopolewa kwa sumaku, ikapita mkono kwa mkono, na ilipomfikia Merv akaipima kwenye kiganja, akatikisa kichwa.

"Mjinga gani huyu aliyeweka pini mahali kama hapa, halafu akapaka na rangi juu?"

"Aliyekuwa nayo kabla yenu," Lindsay alisema.

"Nyumbu," Merv alisema, na wakacheka tena.

Coral alikuwa bado shimoni. Alingoja mumewe amtupie jicho, lile jicho la pembeni ambalo wanandoa wazee hutupiana wakiwa wamewadanganya wageni. Merv hakumtazama.

*

Saa tisa kasoro Merv alikwenda ofisini, Coral nyuma yake, akasema kile ambacho Narelle alitaka kusikia kutoka kwa mwanamume. Nafasi ya Ijumaa ikabaki yao. Waliporudi wakawa peke yao ndani. Coral alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akijiandaa kula raha yake, maana alikuwa ameingoja siku nne.

"Sasa hakuna mtu," alisema. "Unaweza kukiri."

"Kukiri nini? Asante, mama. Yule bwana angetupeleka Toowoomba."

"Bwana gani?"

"Aliyekuwa nayo kabla yetu."

"Merv, acha. Ni wewe. Nyuma ya kile kisiwa, maji yakiingia. Ulitoboa kwa keekee ya mkono saa tano nzima, ukasema itadumu kuliko sisi."

Alisema huku akicheka, ameshapata na neno la kumchoma nalo. Kisha akaona jinsi alivyokuwa akisikilizwa. Merv alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari nzuri ya watu asiowajua.

"Saa tano," alisema. "Kwa keekee ya mkono. Hiyo kazi." Akafikiri. "Na wewe ulikuwepo?"

Coral alikaa kwenye ngazi ya ndani. Gesi ilimrudia akilini, na ile miaka minne au mitano, na Ijumaa iliyoulizwa mara nne. Siku nne alikuwa amemwita mbishi, mwongo, mwoga, na yote hayo yalikuwa sifa za mtu ambaye angali na akili zake. Aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Alitamani sana, kuliko alivyowahi kutamani kitu kwa Merv, kwamba awe anamdanganya.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilishika tochi."

"Basi ulikuwa na bahati ya fundi mzuri," Merv alisema, akauliza wanashuka majini lini.

"Kesho," Coral akajibu.

*

Vaughan alikuja alfajiri, akaweka bushi mpya, akarudisha shafti. Aliuliza kama pini irudi. Merv alisema upuuzi huo utupwe mtoni. Coral alisema irudi, na isizibwe kwa puti wala rangi, na akamwomba fundi akwaruze mshale kwenye chuma, unaoonyesha upande wa kupigia. Vaughan alimtazama, safari hii yeye, si mumewe, akafanya alivyoambiwa. Saa nne mashine ikaibeba Estelle kwenye mikanda yake, ikaishusha, na injini ikawaka mara ya kwanza. Lindsay aliwatupia kamba akiwa na soksi nyeupe. Shafti ilizunguka bila kutetemeka.

Jumamosi asubuhi walikuwa wametia nanga maili mbili kutoka mdomoni mwa mto, mashamba ya miwa huku na huku, na majivu yakianguka juu ya sitaha. Simu ililia, alikuwa Beryl, na Coral alimshukuru kwa chumba, akamwambia hawaji. Kisha, jambo lililomshangaza Beryl, akamwuliza ile kalamu yake ya wino usiofutika huwa anainunua duka gani. Hakungoja jibu refu. Yake ilikuwa tayari mkononi, nyekundu, ya kuandikia maboya.

Alianza na jiko. Akaandika kwenye ubao mweupe wa ukuta, kwa herufi kubwa: WASHA KIBERITI KWANZA. Juu ya valvu ya maji ya injini akaandika FUNGUA. Juu ya kifuniko cha shimo akaandika PINI IPO, na mwaka, na jina la kisiwa. Aliandika bila kupumzika, mwandiko ukizidi kuharibika.

Merv alishuka ngazi, kikombe mkononi, akasimama. Akasoma polepole, ukuta hadi ukuta.

"Nani kaichafua boti ya watu namna hii?"

Coral hakugeuka. "Aliyekuwa nayo kabla yetu."

"Mjinga kabisa."

"Mjinga kabisa," Coral alisema, akahamia kabati la pili, akaandika SUKARI.